Sumu nyumbani na shambani: maswali tunayoulizwa kila wiki, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Maswali haya yametoka kliniki za watoto, mabaraza ya chifu na foleni za duka la dawa. Mengi nimeyajibu nikiwa nimembeba mtoto wa mtu mkononi. Ikiwa kuna mtu amekunywa kitu sasa hivi, ruka hadi swali la 4, soma aya ya kwanza tu, kisha ondokeni.

## Mambo ya msingi

1. Sumu ni nini hasa?

Ni kitu chochote kinachoudhuru mwili kikiingia kwa kiasi cha kutosha, iwe kwa kinywa, pua, ngozi au macho. Kiasi ndicho huamua. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama mjamzito kliniki ni tiba kwake. Mtoto wa miaka miwili akivitafuna kadhaa akidhani ni peremende, yuko hatarini, kwa sababu madini ya chuma yakizidi huchoma tumbo na kuharibu ini.

Shida nyingine ni ya lugha yetu wenyewe. Kila kitu tunakiita dawa: dawa ya kikohozi, dawa ya panya, dawa ya kupe, dawa ya magugu, dawa ya kunguni. Mtoto aliyebembelezwa jana "kunywa dawa, ni tamu" leo anamsikia baba akisema dawa iko nyuma ya mlango. Nyumbani kwangu tulishaacha. Cha kuponya ni dawa, cha kuua ni sumu, hata kama kinaua mende tu. Watoto walishika haraka kuliko watu wazima.

2. Nitajuaje kama ni sumu na si malaria?

Swali hili huulizwa sana upande wa Kisumu, Siaya na Busia, ambako kila anayelegea hudhaniwa ana malaria. Angalia mwendo wa mambo. Mtoto aliyekuwa akikimbia saa moja iliyopita na sasa hawezi kusimama, bila homa, ni wa kushukiwa. Watu watatu wa nyumba moja kuugua pamoja asubuhi moja ni jambo la kushukiwa zaidi. Nusa pumzi na nguo zake, tazama midomo kama ina vidonda au rangi, kisha tafuta chupa, karatasi au kifuniko karibu na alipokuwa.

Kuna sura mbili zinazofaa kukumbukwa. Mgonjwa "aliyelowa", mwenye mate, machozi, jasho, kuhara na mboni za macho zilizobana kama ncha ya sindano, huenda amepatwa na sumu ya kuulia wadudu (swali la 10). Mgonjwa "mkavu", mwenye ngozi ya moto, kinywa kikavu, mboni zilizopanuka na maneno yasiyoeleweka, huenda amekula mnanaha, gugu lenye sumu (swali la 21).

3. Ni nani hupatwa zaidi?

Watoto wa mwaka mmoja hadi minne, kwa sababu huonja kila kitu. Wafanyakazi wanaonyunyiza shambani. Na watu wazima waliofika mwisho wa uvumilivu wao. Hao nimewazungumzia katika swali la 17.

## Dakika za kwanza

4. Mtu amekunywa kitu. Nianze na nini?

Toa kilichobaki kinywani mwake. Usimtapishe na usimpe chochote cha kunywa. Chukua chupa au pakiti aliyotumia na umpeleke hospitali sasa hivi, hata kama anaonekana mzima.

Kama amelegea au hana fahamu, mlaze ubavu wa kushoto ili matapishi yasiingie kwenye mapafu. Nambari za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199. Huku kwetu gari la kwanza kufika mara nyingi ni boda boda, na hapo kuna hatari isiyosemwa: mgonjwa aliyelegea hubanwa katikati ya watu wawili, kichwa kinaning'inia mbele, na njia ya hewa inajifunga. Omba hata pikapu ya mama mboga, mradi aweze kulala ubavu.

Usimwache mgonjwa ukaenda kwanza kutafuta ushauri wa jirani. Ushauri wa jirani huwa ni maziwa.

5. Kwa nini nisimpe maziwa? Si yanaua sumu?

Hayaui. Nitasimulia kisa kimoja, kwa sababu maelezo matupu hayajawahi kumshinda mama mkwe.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, katika zahanati ndogo nje ya mji wa Nakuru. Mama aliingia na mtoto amefungwa kwa leso mgongoni, boda boda bado inanguruma mlangoni. "Daktari, alikunywa mafuta ya taa, lakini nimempa maziwa vikombe viwili." Hilo la maziwa alilitamka kama mtu anayeleta habari njema.

"Umefanya vizuri kumleta, mama. Ametapika?"

"Mara tatu, njiani."

Pumzi ya mtoto ilinuka mafuta na maziwa yaliyochacha. Pua zilikuwa zikipanuka kila anapovuta hewa, na ngozi katikati ya mbavu ikivutwa ndani. Nilihesabu pumzi kwa dakika nzima: 64. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano akivuka 40, tunaita kupumua kwa kasi. Mafuta yaliyokuwa tumboni hayakuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba maziwa yalijaza tumbo, tumbo likatapika, na mafuta yakateleza kuelekea kwenye mapafu. Alikaa wodini siku nne kwenye oksijeni, akapona. Chupa yenyewe niliiomba niione. Ilikuwa ya soda, nusu lita, na lebo yake bado inang'aa. Dada yake alikuwa ameinywea soda jana yake.

Maziwa hufaa kwa jambo moja dogo tu: kusuuza kinywa cha mtu mzima, mwenye fahamu, aliyelamba kitu kinachowasha. Hata hapo maji yanatosha.

6. Na kumtapisha kwa kidole, maji ya chumvi au maji ya sabuni?

Hapana kwa yote matatu. Mafuta yakipanda huingia kwenye mapafu, kama ulivyosoma hapo juu. Asidi ya betri ya gari au kemikali ya kuzibulia choo ilichoma koo ikishuka, na itachoma tena ikipanda. Maji ya chumvi nyingi yenyewe yanaweza kumuua mtoto, na sabuni hutoa povu linaloziba hewa. Yai bichi nalo halina kazi hapa.

7. Nimesikia mkaa hunyonya sumu. Nisage makaa ya jiko?

Usisage. Mkaa wa hospitali ni unga uliotengenezwa maalumu, wenye vitundu vidogo mno vya kunasia sumu, na hufaa zaidi ndani ya saa ya kwanza. Makaa ya jikoni hayana uwezo huo. Hata ule wa hospitali haunasi mafuta ya taa, pombe, asidi wala madini ya chuma.

8. Ikimwagikia ngozi au macho?

Vua nguo zote, na anayemsaidia avae glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi. Osha kwa sabuni na maji mengi, ukikumbuka nywele, kucha na nyuma ya masikio. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20 ukitazama saa, si kwa kukadiria. Usitie dawa yoyote ya macho. Utaratibu wa macho ni huohuo ukitemewa na swila.

## Sumu tunazokutana nazo huku

9. Mtoto amekunywa mafuta ya taa lakini anacheza. Twende nyumbani?

Bado. Madhara ya mapafu mara nyingi hujitokeza ndani ya saa 6, kwa hiyo akae anakoweza kuangaliwa muda huo. Akianza kukohoa, kupumua kwa kasi au kupata homa, hali imebadilika. Asipofanya lolote kati ya hayo, nendeni nyumbani, na mafuta yahame kutoka kwenye chupa ya soda.

10. Sumu za wadudu na za kupe hufanya nini mwilini?

Nyingi kati ya zile kali hufunga kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva. Ujumbe usipozimwa, tezi zinamwaga maji bila kukoma, misuli inacheza chini ya ngozi kama kitu kinachotambaa, na mapafu yanajaa ute. Mgonjwa anazama akiwa kitandani. Tiba kuu ni atropini, sindano baada ya sindano, hadi kifua kikauke. Wakati mwingine huongezewa pralidoksimu. Ndugu wakiona mgonjwa ametulia huomba aruhusiwe. Asubiri, kwa sababu misuli ya kupumua inaweza kulegea tena siku ya pili hadi ya nne.

Sasa tazama kwa nini tunasisitiza chupa. Kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe iitwayo amitrazi. Nayo hubana mboni, hupunguza mapigo ya moyo na kumlaza mtu fofofo. Kwa macho inafanana na ile ya wadudu, lakini tiba yake ni tofauti. Bila lebo, daktari anabahatisha. Kama chupa inavuja, ifunge ndani ya mifuko miwili, au piga lebo picha kwa simu.

11. Amekula sumu ya panya jana na hana dalili. Amepona?

Si lazima. Aina nyingi za madukani huzuia kazi ya vitamini K, na damu haishindwi kuganda siku hiyohiyo. Ufizi kutoka damu, madoa ya bluu kwenye ngozi na mkojo mwekundu huja siku ya pili, ya tatu au baadaye. Kipimo cha damu kitaonyesha mapema, na tiba ni vitamini K, wakati mwingine kwa wiki nyingi. Ile ya unga inayouzwa stendi kwenye vikaratasi visivyo na jina ni habari nyingine. Inaweza kuwa sumu ya wadudu iliyofungashwa upya, na hiyo huua ndani ya saa chache. Ichukulie kama swali la 10.

12. Jiko la makaa chumbani ni hatari kama hakuna moshi?

Hatari zaidi, kwa sababu unaamini limeshawaka vizuri. Makaa mekundu hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayonyakua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Molo, Kuresoi na Mau Narok, miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, ndiko huingizwa ndani na mlango kufungwa. Watu huamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na miguu ya uji, au hawaamki. Sufuria ya maji juu ya jiko haisaidii, kwa kuwa gesi hiyo haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukulinda. Otea moto mkiwa macho na dirisha wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya kulala.

Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje, ndipo uite watu. Hospitalini atapewa oksijeni. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hiyo huchukua kama saa 5 kutoka kwenye damu; kwa oksijeni ya barakoa ni saa moja na kitu. Angalizo kwa wenye kile kipimo cha oksijeni cha kidole: kinaweza kusoma 98 na mtu anakufa, maana hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hii.

13. Kwa nini chang'aa hupofusha wengine na si wote?

Tofauti ni methanoli, pombe ya viwandani isiyonywewa. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, pombe iliyochanganywa nayo iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva za macho. Ujanja wake ni kuchelewa: mtu hulewa kama kawaida, hulala, kisha baada ya saa 12 hadi 24 huamka anaona ukungu, anapumua kwa kasi na tumbo linauma. Jamaa husema ni hangova. Hangova haileti ukungu machoni. Hospitali inaweza kuzuia mageuzi hayo na kusafisha damu kwa mashine, ila macho yaliyokwisha kufa huwa hayarudi.

14. Mahindi yenye ukungu, nikiosha na kupika ugali vizuri?

Moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu, yaani aflatoksini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani zilipata wagonjwa 317, na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Usiwape kuku wala ng'ombe pia. Kwa ng'ombe sumu hutoka kwenye maziwa.

Kausha hadi unyevu wa asilimia 13.5, juu ya turubai na si juu ya udongo. Kama huna mashine ya kupimia, chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi hadi robo na chumvi kavu vijiko viwili, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandana kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Na mbegu zilizopakwa rangi ya waridi au ya kijani, usiziteleke hata mwaka wa njaa. Rangi hutoka kwa maji. Sumu iliyoingia haitoki yote.

15. Parasetamoli nayo ni sumu?

Ikizidi kipimo, ndiyo, na ni ya kinafiki. Siku ya kwanza mtu hujisikia vizuri, siku ya tatu ini linaanza kufa. Ipo dawa ya kuizuia, asetilisisteini, na hufanya kazi bora kabisa ndani ya saa 8. Kwa hiyo usingoje dalili. Wazazi wengi huzidisha bila kujua, kwa kumpa mtoto dawa ya homa na ya mafua zenye kitu kilekile ndani.

## Hospitalini

16. Mbona hawamwoshi tumbo?

Kila wiki kuna ndugu anayenigombeza kwa hili. Kuosha tumbo kwa mpira hufaa mara chache, na ni mapema sana, yaani ndani ya kama saa moja. Baada ya hapo sumu imekwisha kushuka, na mpira unaweza kusukuma iliyobaki hadi kwenye mapafu. Kwa mafuta ya taa na kemikali zinazochoma hatugusi mpira. Na si kila sumu ina kiuasumu chake. Nyingi hutibiwa kwa kulinda pumzi, damu, sukari na mkojo wa mgonjwa mpaka mwili umalize kazi.

17. Alikunywa makusudi. Tukisema ukweli, polisi watamkamata?

Hofu hii imeua watu. Nimepokea mgonjwa aliyesemwa "alikula omena mbaya" huku nguo zikinuka sumu ya kunyunyizia mboga, na saa nzima ikapotea. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kinakiuka Katiba. Sema ukweli mlangoni: amekunywa nini, saa ngapi.

Akizinduka, msimhoji, na msimwambie amewaaibisha. Omba azungumze na mshauri kabla ya kuruhusiwa, na nyumbani ondoeni sumu zote kabla hajafika. Kama unayesoma ndiye unayefikiria hivyo, mwambie mtu mmoja leo, au ingia kituo cha afya kilicho karibu useme maneno hayo hayo. Piga 1199; kwa mtoto au kijana, 116 ni bure.

## Kuhifadhi na kunyunyiza

18. Niweke wapi ikiwa nyumba ni chumba kimoja?

Sanduku dogo lenye kufuli, lililotundikwa juu ya kichwa cha mtu mzima, mbali na unga. Chini ya kitanda si mahali. Usinunue ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji eti unahitaji kidogo. Nunua pakiti ndogo iliyofungwa. Vidonge vya kufukizia mahindi hutoa gesi vikikutana na unyevu, basi mtu asilale chumba kimoja na magunia hayo. Magunia yasiyopitisha hewa huua fukusi bila kemikali.

19. Nanyunyiza nyanya miaka kumi bila glavu na niko sawa.

Huenda kichwa na macho yanayowasha kila jioni ya kunyunyiza umeyazoea ukadhani ni jua. Vaa mikono mirefu, buti, glavu na kitu cha kufunika pua. Upepo uwe mgongoni. Usizibue pua ya pampu kwa kuipuliza kwa mdomo. Nguo hizo zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi. Wafanyakazi wa maua Naivasha wanajua kuna saa za kungoja kabla ya kuingia palipopuliziwa. Lebo inazitaja, na hata shamba lako la sukuma wiki linazihitaji.

20. Kibuyu cha dawa kikiisha naweza kuchotea maji?

Hapana, hata ukisuuza. Suuza mara tatu, maji hayo uyamwage kwenye pampu, kisha toboa kibuyu ili asikitamani mtu.

## Maswali ya pembeni

21. Mnanaha huingiaje kwenye chakula?

Huota pamoja na mboga na maharagwe, na majani yake machanga huchumwa na mwenye haraka. Una kemikali za jamii ya atropini, ileile tunayodunga wagonjwa wa swali la 10. Kwa mtu asiyeihitaji, huleta mgonjwa "mkavu" anayepigana na watu wasioonekana. Msimpeleke kuombewa kwanza.

22. Mihogo michungu?

Ina sumu iitwayo sianidi. Menya, loweka siku kadhaa au chachusha, kausha, ndipo usage. Akina mama wa Busia na Migori wanalijua hili kuliko mimi. Matatizo huja mwaka wa njaa, hatua zikifupishwa.

23. Samaki wa ziwani waliovuliwa kwa sumu nitawatambuaje?

Kwa macho, huwezi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi huo. Usiokote wanaoelea wamekufa, na nunua kwa mvuvi unayemjua ufukweni.

24. Mtoto amemeza betri ndogo ya saa.

Eksirei leo, si kesho. Ikikwama kooni inaweza kuanza kuchoma ndani ya saa 2.

25. Ng'ombe amelamba dawa ya kupe akafa. Tuchinje haraka tuuze?

Nyama hiyo haifai mtu wala mbwa. Mwite daktari wa mifugo, kisha mzike kwa kina, mbali na kisima. Kwa ng'ombe aliyeogeshwa tu na yuko mzima, soma lebo: imeandikwa siku ngapi maziwa yasinywewe. Kama lebo imebanduka kwa maji ya josho, rudi dukani na chupa hiyohiyo uulize kabla ya kukamua ya jioni.